Mlinzi wa Moto Aliyejazwa Pamba

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya ushindi! Leo nimefanya jambo ambalo mtu mwenye akili ya kawaida asingeliwaza.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi Mama Kokuberwa, meneja wetu, atamtangaza Mkuu wa Usalama wa Moto wa kiwanda. Kiwanda chetu ni cha kuchambua pamba, huku nje ya Butimba, ziwa unaliona mlangoni. Tunaowania ni wawili. Kuna mimi, Muganyizi, niliyesoma hadi kidato cha sita. Na kuna Nkwabi, ambaye anajua kupuliza filimbi. Sote ni walinzi wa moto. Fundi akija kuchomelea au kukata chuma, mmoja wetu anakaa pembeni na kizibao chekundu na mtungi wa kuzimia moto, anatazama cheche zinaangukia wapi. Fundi akimaliza, mlinzi habanduki mpaka saa nzima ipite. Saa nzima! Kutazama chuma kilichokwisha kupoa!

Leo ilikuwa zamu yangu. Bomba linalopuliza pamba kwenda kwenye mashine ya kushindilia lilikuwa limetoboka. Mitambo ikazimwa, fundi akapanda ngazi. Na leo hiyohiyo meli ya Bukoba imeniletea senene kutoka kwa mama yangu. Ndoo nzima, wamekaangwa tayari. Mama Kokuberwa ni Mhaya mwenzangu. Mhaya aliye mbali na kwao, mwezi wa Novemba, ukimwekea senene mezani atakunyima nini? Lakini mzigo ukichelewa pale bandarini, wapagazi wanaugeuza kitafunwa.

Ndipo nikamuumba Muganyizi wa Pili. Mpini wa ufagio ndani ya pipa la mchanga. Koti langu la kazi. Kizibao chekundu juu yake. Kofia ngumu. Kifua na tumbo nikamjaza pamba safi, niliyoichota kwenye lundo lililokuwa likisubiri kushindiliwa. Mikono nikamwekea nyuma kama mwalimu wa zamu, yaani hakuwa nayo. Nikasogea mbali nikamtazama. Niliona wivu kidogo. Alikuwa na kifua kizuri kuliko changu.

Bodaboda kwenda, bodaboda kurudi. Nilikuta fundi ameshashuka na kuondoka. Nikambomoa Muganyizi wa Pili harakaharaka, pamba yake nikairudisha kwenye lundo, mitambo ikawashwa, lundo likamezwa. Marobota yakatoka, yakafungwa waya, yakasukumwa ghalani. Hakuna aliyejua! Fundi ndiyo kwanza anawatangazia watu kwamba hajapata kuona mlinzi makini kama mimi. Aliniaga mara mbili, sikugeuza hata shingo.

Mama Kokuberwa alifurahi mpaka akaita ofisi nzima ije ionje. Nkwabi, ambaye siku zote anasema sisi tunakula panzi, alikomba viganja viwili akauliza kama kuna pilipili. Mtu hana aibu.

Nyumbani Winnie amenuna. Mke wangu anafanya kazi ghalani, anapiga chapa za namba kwenye marobota. Anasema asubuhi alinipungia mkono kutoka mlangoni, akapunga tena, nikamkodolea tu kama simfahamu. Nikamweleza kwamba mlinzi wa moto akiwa kazini hapungii watu. Akasema sawa, Baba Kemi. Kemilembe, binti yetu, akacheka. Sijui alicheka nini.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwisha.

Asubuhi nilitoa kizibao kwenye mfuko nikisuuze. Mgongoni kina tundu. Dogo, kidole gumba kinapita, kingo nyeusi na ngumu. Nikachukua koti. Nalo lina tundu, mahali palepale. Nikanusa. Sikuhitaji kunusa mara ya pili.

Cheche ilimpata Muganyizi wa Pili. Ikapita kizibao, ikapita koti, ikaingia kwenye pamba. Na pamba ile niliirudisha mwenyewe kwenye lundo, kwa mikono yangu miwili, nikiimba.

Nikaenda kazini. Kabla ya kazi huwa tunakusanyika, mtu mmoja anaongea habari za usalama. Leo ilikuwa zamu ya Nkwabi. Angeweza kuzungumzia kofia. Angeweza kuzungumzia ngazi. Akachagua moto wa pamba! Akasema si kama moto wa petroli. Cheche ikinaswa ndani ya robota, pamba imebanwa, hewa ni haba, basi haiwaki. Inatafuna tu, kidogokidogo, siku kadhaa, pengine wiki, kutoka katikati kuja nje. Kwa macho robota ni jeupe, zuri. Siku waya ukikatika likapata hewa, ndiyo siku hiyo. Akasema ndiyo maana robota lenye shaka hutolewa likakaa peke yake uwanjani. Kisha akaniuliza mbele ya watu wote kama nina la kuongeza.

Nikasema hapana, Nkwabi, umeeleza vizuri sana.

Tangu tujuane sijawahi kumwambia maneno kama hayo. Watu waligeuka kunitazama.

Najua la kufanya. Ni neno moja: marobota ya jana yatolewe nje. Lakini wataniuliza kwa nini, nami nitajibu nini? Kwamba aliyeungua ni mlinzi wa moto mwenyewe? Nkwabi atalisimulia hilo mpaka wajukuu wake walisikie. Na Jumamosi si mbali.

Naogopa. Naandika hivi kwa sababu hakuna wa kumwambia. Winnie yumo humo ghalani kutwa. Nimekificha kizibao chini ya gunia la unga.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepata mpango. Kunusa!

Pua yangu ni nzuri. Mama husema nikiwa mdogo nilijua kahawa ya jirani imeiva kabla ya jirani. Basi nikabeba mtungi wa kuzimia moto wa pale mlangoni, nikaingia ghalani nikinusa robota moja baada ya jingine. Ng'washi, mtunza ghala, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ni ukaguzi. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akasema angalau kuna mtu anayefikiria usalama wao. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yale ya Jumatatu yako wapi? Nikamuuliza Winnie kama mtu anayepiga soga. Akaonyesha kwa kalamu ya chapa, bila kuinua macho. Ukuta wa mwisho. Nyuma ya kigoda chake.

Nyuma ya kigoda chake! Mke wangu anakaa hapo, mgongo ameegemeza hapo, anakula ugali wake hapo.

Nikainama kunusa juu ya bega lake. Hapo hapo akapiga chafya. Jamani! Niliruka, vidole vikabana mkono wa mtungi, unga mweupe ukafuka pwaa, ukamfunika yeye na kigoda na nusu ya ukuta. Sasa hakuna cha kunusa isipokuwa unga. Winnie alijipangusa uso akaniuliza kama nina homa. Nikasema hilo lilikuwa jaribio, na mtungi umefaulu. Nikautundika tena mlangoni. Haukubaki na kitu, lakini kwa nje ni mzuri, mwekundu, unang'aa. Nitaomba ujazwe wiki ijayo, mambo yakitulia.

Mchana nikasikia mtu ananusa nyuma yangu. Nkwabi! Na mtungi wake! Ameona nasifiwa, hataki kuachwa. Tulizunguka ghala zima, yeye upande ule, mimi upande huu, tukinusa. Mwisho akanifuata akaniuliza kwa sauti ya chini tunanusa nini. Nikamwambia kama hajui, basi hafai kuwa Mkuu. Akakubali kwa kichwa, akaendelea kunusa.

Jioni nikamwambia Winnie kwamba rangi yake si nzuri, kesho apumzike nyumbani. Akajitazama kwenye kioo. Akasema ni ule unga.

Alhamisi, 14 Novemba

Asubuhi nilivificha viatu vya kazi vya Winnie darini. Alivitafuta kidogo, akavaa kandambili zangu, akaenda. Sasa yumo ghalani na kandambili! Nimeongeza hatari kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi nikaja na mpango mkubwa. Lazima watu watoke ghalani. Watu wanakimbia nini kuliko moto? Nyoka. Nikamfuata Ng'washi, macho nimeyatoa, nikamwambia nimeona chatu juu ya marobota, ukuta wa mwisho, mnene kama paja langu.

Nilisahau niko Usukumani.

Kwetu Bukoba watu wangekuwa wameshafika barabarani. Hawa walifurahi! Wanawake walikuja kuchungulia. Mmoja akauliza ana rangi gani. Nkwabi akapiga makofi, akasema baba yake mdogo, Mzee Maige, ni wa Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, naye anakaa hapa hapa Butimba. Haikupita muda mzee akafika amebeba kikapu chenye kifuniko. Tukampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku anatazama juu. Akaingia peke yake, akakaa, akatoka. Akatangaza kwamba ni kweli, nyoka yumo, amemwona. Bado mdogo na mpole. Atakuja kumchukua Jumamosi, siku ya mkutano, watu wote washuhudie. Hadi hapo kazi iendelee, hana neno na mtu.

Mimi nilikitazama kile kikapu. Wakati wa kuingia kilimvuta bega chini. Wakati wa kutoka alikibembeza kwa kidole kimoja.

Mzee amemwachia nyoka wake! Hakutaka aonekane amekuja bure. Sasa uongo wangu umepata mwili, umepata na magamba. Ghalani kuna moto usioonekana, kuna chatu anayeonekana, na mimi wote wawili nawaogopa. Winnie haogopi hata mmoja. Ameniambia wakati wa kula kwamba anampenda yule nyoka, anamfukuzia panya.

Kisha akaongeza jambo. Alilisema huku anachota mboga, kama jambo la kawaida kabisa. Anasema siku hizi mgongo haumsumbui. Mvua hizi za asubuhi zilikuwa zinamuumiza kiuno, lakini pale anapoegemea pana kajoto kazuri.

Tonge lilinikwama. Kemilembe alinipiga mgongoni mpaka likashuka.

Ijumaa, 15 Novemba

Nyoka amelijua.

Nilipoingia asubuhi alikuwa amejikunja juu ya robota moja, ukuta wa mwisho, karibu na kigoda cha Winnie. Ghala zima lina marobota, safu kwa safu, baridi la mvua limeingia mpaka kwenye mifupa, naye amechagua lile moja. Watu walisema amepapenda. Winnie akamsalimia. Mimi nilisogeza kiganja polepole, jicho langu kwa nyoka, jicho la nyoka kwangu, nikaligusa robota ubavuni.

Vuguvugu. Kama shavu la mtoto mwenye homa.

Sikumbuki nilitokaje. Nilijikuta nje kwenye mvua nimeshika nguzo. Nilisema basi, imetosha. Nitasema. Acha Nkwabi acheke, acha nifukuzwe, mke wangu ni mmoja. Nikapanda ngazi za ofisi. Mkono wangu ulikuwa tayari umekunjwa kubisha hodi. Naapa.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama Kokuberwa alikuwa anaongea na simu. Akasema kwa Mkuu wa Usalama hana shaka tena, ni Muganyizi. Wiki nzima hatoki ghalani, ananusa, anagusa, anashinda humo kama amezaliwa humo. Akasema kesho anamtangaza.

Mkono ukafunguka wenyewe. Nikashuka ngazi.

Nimefikiri kwa makini. Kesho, nikishatangazwa, amri yangu ya kwanza itakuwa kutoa robota lile. Nitalitoa kama Mkuu. Hakuna atakayemuuliza Mkuu kwa nini. Limevumilia tangu Jumatatu, litashindwa kuvumilia siku moja? Winnie nimemwambia asiegemee pale. Akauliza kwa nini. Nikasema pachafu. Akasema amepafuta mwenyewe.

Viatu vyake nimevirudisha. Nilivipaka na rangi. Nilitaka kumwambia kitu nikiwa navipaka, nikaishia kumwuliza kama anataka chai zaidi. Nimeogopa sana leo. Nampenda yule mwanamke, na kesho ni mbali.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimechoka na bado nanuka moshi. Nitaandika hivyo hivyo.

Mkutano ulikuwa ufanyike uwanjani. Mvua ikashuka, ile ya kutokea ziwani, inayokuja kama ukuta. Mama Kokuberwa akasema basi wote tuingie ghalani.

Wote! Kiwanda kizima! Walikaa juu ya marobota, wengine sakafuni, wakafunga mlango mmoja kuzuia mvua. Winnie akakaa kwenye kigoda chake na Ng'washi akajibanza kando yake. Na mgongo akauegemeza palepale! Nilimkonyeza atoke, akadhani namtania, akatabasamu. Nilimfanyia ishara ya mkono. Akanifanyia hiyohiyo.  Mama Kokuberwa alianza kwa kushukuru, akamshukuru kila mtu, akamshukuru na aliyeleta senene. Mimi nilikuwa nahesabu waya za lile robota.

Akasema kabla ya kumtangaza Mkuu, kwanza mzee wetu amtoe nyoka. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Maige akapanda juu, akamwita nyoka kwa Kisukuma, taratibu, kwa mapenzi. Lakini nyoka hakutaka. Nani atoke kwenye joto aende kwenye kikapu? Alikuwa amejizungusha kwenye waya. Mzee akavuta. Nyoka akang'ang'ania. Mzee akavuta kwa mikono miwili.

Waya ukalia twang.

Nikapiga kelele, "Moto!"

Hapakuwa na moto. Hapakuwa na moshi. Watu walinigeukia mimi badala ya robota. Nami nilikuwa nimeshamfikia Winnie, nimemshika mkono namvuta, naye ananiuliza nina nini. Robota likapasuka nyuma yake. Ndani lilikuwa jeusi. Likavuta pumzi, nasema kweli, nililisikia likivuta pumzi, kisha likawaka.

Kipande kikaruka kikaangukia kanga ya Ng'washi. Ng'washi akasimama anazunguka, kanga inawaka. Mimi nilikimbilia mlangoni, nikauchomoa mtungi, nikalenga, nikabana. Mtungi ukakohoa. Kidogo tu. Pfu. Wangu mwenyewe, ule wa Jumatano! Nilipogeuka niliona Winnie alishaninyang'anya mkono wake, amepiga magoti, anaupiga ule moto kwenye kanga kwa kiganja. Kiganja kitupu. Anapiga, anapiga, mpaka ukazima.

Nkwabi alipuliza ile filimbi yake. Sitaisema vibaya tena ile filimbi. Akafungua milango yote miwili, akatoa watu, akamwaga mtungi wake wote, kisha yeye na vijana wa kubeba mizigo wakalisukuma lile robota kwa mkokoteni mpaka nje kwenye mvua. Lilifuka pale uwanjani hadi jioni. Maji yanaingia, moshi unatoka.

Hakuna aliyekufa. Ng'washi ameungua mguu, si sana. Mzee Maige amempata nyoka wake, salama. Winnie amefungwa bandeji kiganja chote cha kulia. Nesi alipokuwa anamfunga nilitoka nje, sikuweza kutazama. Nililia kidogo nyuma ya tangi la maji. Mvua ilinisaidia, haikuonekana.

Kisha wakanitangaza.

Sikuomba! Mama Kokuberwa alisimama katikati ya matope akasema kila mtu amesikia kwa masikio yake: Muganyizi aliita moto kabla hata moshi haujatoka. Akasema wiki nzima mtu huyu alikuwa anahisi. Nkwabi, amelowa chapachapa, nyusi zimeungua, akasema ni kweli, yeye mwenyewe alinusa pamoja nami na hakuambulia kitu, kwa hiyo kipaji ninacho. Akanipa mkono. Walipouliza moto ulitoka wapi, mmoja akasema labda mkulima alivuta sigara shambani. Wengine wakasema labda. Nikasema inawezekana.

Nkwabi atakuwa msaidizi wangu.

Jumapili, 17 Novemba

Tumetoka kanisani. Padri alitushukuru kwa majina. Watu walitaka kunishika mkono, Winnie alishindwa kuwapa wa kwake.

Leo nimepika mimi. Nilimenya ndizi, nikachemsha maharage, nikafua na sare ya Kemilembe. Winnie alikaa kwenye mkeka jikoni, mkono wenye bandeji ameupakata. Nilimwuliza kama unauma. Akasema unawaka kwa ndani.

Nilipokwenda kuchota unga nikakumbuka kizibao. Nikainua gunia. Hakipo!  Nikapekua chini ya meza, nyuma ya mlango, kwenye beseni. Nilipoingia chumbani nilikiona kwenye kiti changu, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Lile tundu la mgongoni limezibwa kwa kiraka, uzi mwekundu, mishono mifupi iliyopinda. Alishona kwa mkono wa kushoto.

Nilisimama hapo na kile kizibao. Alikuja akasimama mlangoni. Nilijiandaa kwa maswali. Nilikuwa na jibu la panya, na jingine la msumari. Hakuuliza chochote. Akasema:

"Baba Kemi, kesho kivae wewe mwenyewe. Na nikikupungia, unipungie."

Akarudi jikoni.

Nimelifikiria hilo neno tangu mchana. Kivae wewe mwenyewe. Nani mwingine angekivaa? Maumivu yanamchanganya, maskini. Lakini la pili nimelielewa vizuri. Bado ana kinyongo cha ile Jumatatu, kwamba alipunga hakupungiwa. Wanawake hawasahau. Nimeapa moyoni kwamba hatanung'unika tena kwa jambo hilo.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku yangu ya kwanza kama Mkuu. Naandika nikiwa nimekaa kando ya pipa la mchanga, kuchomelea hakujaanza.

Lile bomba limetoboka tena, pembeni ya pale pa mwanzo. Mitambo imezimwa. Fundi anapanga vifaa vyake, amesema anajisikia salama sana akijua niko nyuma yake. Ghalani wameanza kazi. Winnie amekataa kupumzika, anapiga chapa kwa mkono wa kushoto. Kutoka hapa nauona mlango wao.

Sasa hivi mama amenipigia simu. Ametuma ndoo ya pili ya senene, ipo kwenye meli, imeshatia nanga. Na mkurugenzi anafika leo kutoka Dar kuja kumwona huyo mtu mwenye pua. Mkurugenzi ni mtu wa Muleba, Mhaya mwingine! Ndoo ipo bandarini, wapagazi wapo bandarini. Ni kwenda na kurudi tu.

Nimejirekebisha, wala sisemi uongo. Kosa la mara ile nimelichunguza hadi mzizi wake, nalo lilikuwa pamba. Pamba haifai kabisa, inashika moto upesi. Leo nimekuja na majani ya migomba, makavu kabisa, yaliyofungia ile ndoo ya kwanza. Mepesi, hayana vumbi, na yanajaza kifua vizuri.

Na Winnie sijamsahau. Safari hii mlinzi wangu nimempa mkono, wa kulia, glavu juu ya fimbo, nikaufunga kwa kamba begani. Upepo wa ziwa ukivuma, unapanda na kushuka. Nimejaribu, unapendeza. Kizibao kimemkaa vizuri, kiraka hakionekani.

Bodaboda amefika. Winnie ametokeza mlangoni, ameinua ule mkono wenye bandeji, anapunga.

Na Muganyizi wa Tatu anampungia.